Diwani yako ya kwanza iko kwenye rundo lako

Kijana akinitumia mashairi yake kwa WhatsApp, swali lake la kwanza huwa ni bei ya kuchapa. Nakala mia moja ni shilingi ngapi, jalada liwe gumu au laini, fundi gani hapa Mbeya ana mashine nzuri. Mimi humuuliza: diwani yako, yaani hicho kitabu chako cha mashairi, inahusu nini? Jibu linakuja upesi. "Dada, inahusu mapenzi, siasa, maadili, ukimwi na mazingira." Nikisikia hivyo najua bado. Hizo ni mada za mtihani wa kidato cha nne. Hakuna mtu aliyewahi kuamka usiku wa manane kuandika kwa sababu ya "maadili".

Naliuliza mapema kwa sababu sisi tunaojichapishia hatuna mhariri. Mwenye shirika la uchapishaji nyuma yake yupo wa kumwambia shairi hili litoke, lile lisogee mbele. Wewe una pesa yako ya mkopo wa kikundi na shauku. Usipojua kilichokusukuma kuandika, utatia kila kitu: beti za harusi ya binamu, utenzi wa mahafali, shairi la Uhuru ulilosoma ukiwa darasa la saba. Msomaji atafika katikati hajajua anaongea na nani.

Kwa hiyo usikae kutafuta msukumo. Kama umeandika kwa miaka kadhaa, umo tayari ndani ya mashairi yako, ni kuuona tu. Peleka mashairi yote stesheneri, yachapwe kwenye karatasi, maana kwenye simu unasoma moja moja na huoni yanavyofanana. Yatandaze sakafuni. Usiyapange kwa mada. Soma ukitafuta kinachojirudia bila wewe kukialika: kitendo, kitu, mtu fulani, hata malalamiko yale yale yaliyobadilishwa nguo.

Changu kilikuwa gunia. Mama amelima viazi mviringo upande wa Uporoto tangu sijaanza shule, na kila msimu tajiri akifika na lori, gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linaongezwa juu yake kilima kingine cha viazi, kinashikiliwa na kamba zinazopishana mpaka gunia linakuwa na shingo na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inaikataza, na bado hakuna mkulima wa Nyanda za Juu Kusini asiyeijua. Nilikuwa na shairi moja tu lililoitaja waziwazi:

Mama kalima shambani, baridi ikimtesa;
Gunia li barazani, limeshonwa hivi sasa;
Tajiri yuko garini, mkononi ana pesa:
Bei yake ya zamani, ujazo wake lumbesa.

Lakini karatasi zilipokaa pamoja sakafuni nikaona mengine yote ni ndugu zake. Shairi la mapenzi lilikuwa la mwanamke anayeombwa avumilie kidogo tena, halafu kidogo tena. Shairi la kazini lilikuwa la mwalimu anayeongezewa vipindi kwa mshahara ule ule. Hata lile la mazishi lilihusu mjane anayepewa watoto wa marehemu shemeji juu ya wake. Nilikuwa naandika jambo moja miaka yote: kuongezewa mzigo bila kuongezewa bei. Kuanzia siku hiyo kuchagua kukawa rahisi. Mashairi mazuri kabisa niliyatoa kwa sababu hayakuwa ya gunia hilo. Yapo kwenye bahasha, yanasubiri kitabu chao.

Angalia waliotutangulia. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka wa kisiasa, akatunga gerezani na kuandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilitoka 1973, na unaposoma huhitaji kuambiwa mwandishi alikuwa wapi. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, akatoa Kichomi bila kufuata vina na mizani, wazee wakaja juu, ugomvi ukachukua miaka. Hao walichapishwa na mashirika, sawa, lakini kila mmoja alikuwa na kitu chake kinachomuuma, na umbo la mashairi likafuata kidonda hicho.

Hapa niwaseme kidogo wadogo zangu wa huku kwetu. Mbona mashairi ya Tukuyu na Njombe yamejaa majahazi, lulu, viungo na upepo wa kusi? (Wa Matema nawasamehe, wana ziwa na mitumbwi.) Najua sababu. Vina vya pwani viko tayari tayari, tumevirithi kwenye vitabu vya shule: ukisema "bahari" unaletewa "safari", "habari" na "hatari" kabla hujamaliza kufikiri. Kina kinakuchagulia maisha ambayo hujaishi. Shika kitu cha kwako kwanza, umande wa Kitulo, foleni ya malori Tunduma, mabasi yanayoshuka Kitonga breki zikinuka, jiwe la Gangilonga na wapenzi wanaopanda kutazama mji wa Iringa jioni, halafu ndipo utafute kina kinachokubali kukaa nacho. Kinachelewa, ndiyo. Na kama Kinyakyusa au Kihehe kina neno ambalo Kiswahili hakikupi, litie, maana yake itaonekana humo humo kwenye ubeti.

Kuhusu shairi huru au la arudhi, yaani lenye vina na mizani, sina dini. Mimi hutunga tarbia, beti za mistari minne minne, kwa sababu nataka mama aweze kukariri. Ukitunga huru, hakikisha ni kwa sababu jambo lenyewe linakataa kukaa kwenye mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita kwa mstari, isiwe uvivu wa kuhesabu.

Kabla ya kuchapa, ghani mashairi mbele ya watu wenye jambo lenyewe. Washairi wenzako watakupigia makofi kwa adabu. Mimi nilisoma kwa wabeba mizigo sokoni, na mmoja akanikatiza: "Dada, umeandika gunia linafungwa. Hili halifungwi, linashonwa. Sindano hii hapa." Akaninyooshea sindano ndefu ya chuma iliyopinda ncha, na kipande cha kamba bado kiko tunduni. "Limeshonwa" pale juu ni lake.

Dibaji iwe ukurasa mmoja. Shukrani kwa Mungu, wazazi na mwenzi zitoshe mistari mitatu, nafasi iliyobaki sema kitu kilichokusukuma, kwa jina lake. Mtangazaji wa redio atasoma hapo hapo dakika tano kabla ya kukuhoji, na utasikia mwenyewe tofauti ya maswali.

Mambo ya ofisi hayana maajabu. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, kwa sheria ya 1999, ila kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia siku ya ugomvi. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukiletewa prufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, kagua jambo moja kuliko yote: ubeti usikatwe kurasa mbili, maana mafundi wengi wanajali ukurasa ujae, kituo, mstari wa mwisho wa ubeti, kinarukia upande wa pili peke yake kama abiria aliyeachwa na basi. Chapa kidogo kwanza, uza, ongeza.

Na uza kule ulikochota. Nakala zangu zilitoka sokoni kuliko chuoni. Tajiri mmoja wa viazi aliusoma ubeti wa lumbesa, akacheka, akanunua vitabu viwili, akaomba apunguziwe bei. Nilikataa.