Polisi wanataka kikao cha maridhiano: tuanzie wapi?

Swali: Sisi ni jumuiya ya Wakongo hapa Michigan. Tangu Mkongo mwenzetu Patrick Lyoya apigwe risasi na kuuawa na polisi Grand Rapids, Aprili 2022, vijana wetu wakisimamishwa barabarani hutetemeka hata kama hawana kosa. Sasa mkuu wa polisi wa mji wetu anaomba tuandae kikao cha kusikilizana na wakazi weusi. Tunaogopa watu watarudi nyumbani na maumivu zaidi. Tufanyeje?
*Katibu wa jumuiya*

Jibu: Ndugu katibu, mna sababu ya kuogopa. Vikao vingi huharibika dakika ya kwanza, pale polisi wanaposema "haya, semeni yanayowasumbua". Aliyeumizwa anatakiwa afunue kidonda mbele ya watu ambao hawajakiri lolote. Geuzeni utaratibu: mkuu aanze yeye, dakika kumi zinatosha, ataje matukio kwa tarehe na mahali na idara yake ilifanya nini. Ombeni hotuba hiyo kwa maandishi wiki moja kabla. Mkikuta "makosa yalitokea", irudisheni. Isemwe nani alikosa. Wanasheria wa mji watataka kuilainisha, msikubali.

Msikutane kituoni. Askari waje bila sare wala silaha, wakikataa, ahirisheni. Kila kundi liwe na watu 12 hadi 15, askari wasizidi theluthi. Awepo mshauri nasaha na chumba cha pembeni, maana mwenye kiwewe anaweza kuganda katikati ya sentensi, jasho likamtoka. Asihimizwe kumalizia, wala asifuatwe na askari akitoka. Apigiwe simu baada ya siku mbili, kwa sababu usingizi hukatika baadaye, si pale ukumbini.

Wakalimani wawe wawili, wapokezane kila nusu saa, na wakijue Kiswahili cha kwenu cha Congo. Mtoto asimkalimanie mzazi wake mambo haya.

Mwenye kesi inayoendelea aonane na wakili wake kabla ya kusimulia chochote, kwani maneno yake yanaweza kuibuka mahakamani. Kusiwe na kurekodi wala kuulizana hati za uhamiaji.

Wakiwaambia mafunzo ya askari yanatosha, watajieni Minneapolis. Ilikuwa kati ya miji sita ya mpango wa kitaifa wa kufundisha askari na kujenga imani kati ya polisi na raia, na George Floyd, mtu mweusi, akauawa na polisi hapo hapo mwaka 2020. Chicago ni mfano mzuri zaidi. Mwaka 2015 baraza la jiji lilipitisha fidia kwa watu, karibu wote weusi, walioteswa na kamanda wa polisi Jon Burge na askari wake: msamaha rasmi, dola milioni 5.5, masomo ya bure katika vyuo vya jiji, ushauri nasaha, na historia hiyo kufundishwa darasa la 8 na la 10. Mnara wa kumbukumbu nao uliahidiwa, ukacheleweshwa miaka na miaka.

Kwa hiyo kila ahadi iandikwe pamoja na tarehe, fungu la fedha na jina la ofisa atakayeulizwa. Na watu wasitawanyike kabla siku ya kikao cha pili haijapangwa, ndani ya miezi miwili.