Mkandarasi "atajenga" au "lazima ajenge"?

SWALI: Sisi ni wahitimu wa ubunifu majengo, tunajisomea pamoja hapa Mwanza kwa ajili ya mtihani wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Vifungu vya mikataba na vya sheria tunavifanyia muhtasari kwa Kiswahili. Baadhi yetu huandika "mkandarasi atajenga". Wengine wanadai hiyo ni habari ya wakati ujao tu, si wajibu, hivyo iwe "mkandarasi lazima ajenge". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Ilemela

JIBU: Wa "atajenga" wako sahihi, ila wasishangilie mapema, kuna mahali -ta-, kiambishi cha wakati ujao, itawaangusha.

Katika Kiswahili cha sheria, -ta- hubeba amri. Ibara ya 33 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaanza: "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano." Hakuna anayeisoma kama utabiri. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, nayo katika kifungu cha 53 inatenganisha neno la wajibu, ambalo jukumu lililotajwa ni sharti litekelezwe, na neno la hiari, ambalo mwenye mamlaka huyatumia au huyaacha. Lakini kifungu hicho kinahusu sheria zilizotungwa. Mkataba husomwa kwa maneno yake wenyewe, kwa hiyo chagueni mtindo mmoja mbaki nao. Ukiandika "atalipa" kwenye kifungu cha 5 na "lazima alipe" kwenye cha 9, wakili wa upande wa pili atadai kile cha kwanza kilikusudiwa kiwe chepesi.

Ubaya wa "lazima" huonekana pale inapokanushwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Aliyezoea "lazima" ataandika: "Si lazima mkandarasi ajenge ndani ya mita 60." Katazo limegeuka ruhusa: akitaka ajenge, asipotaka aache! "Lazima asijenge" ina maana inayotakiwa, ingawa inakwaruza sikio. "Hatajenga" au "haruhusiwi kujenga" inamaliza kazi. "Hawezi kujenga" iacheni, maana mwingine ataelewa kwamba hana vifaa. Kwenye viwanja vya ufukweni kosa la namna hii huishia na alama ya X nyekundu ukutani.

Sasa mitego ya -ta- yenyewe. Wajibu unahitaji mwenye kuubeba. "Ukuta utapigwa lipu" haumbani mtu, kwa sababu ukuta si upande wa mkataba. Ni mkandarasi mkuu, au yule mkandarasi mdogo aliyeteuliwa na mshitiri, yaani mwenye mradi? "Hati ya malipo itatolewa" ni mbaya zaidi: hati ikichelewa, kila mmoja atamtazama mwenzake. Mtajeni mtenda kwanza, kisha kitenzi.

Sharti nalo lina viambishi vyake. "Mkandarasi atakapochelewa, atalipa fidia" inachukulia kuchelewa kuwa jambo lililokwisha kupangwa. Kwa jambo ambalo huenda lisitokee, tumieni -ki- au "iwapo": "Mkandarasi akichelewa kukabidhi jengo, atalipa fidia ya ucheleweshaji." Kukabidhi kwenyewe kunatarajiwa, kwa hiyo "atakapokabidhi" inafaa mnapoeleza lini muda wa matazamio, yaani wa kurekebisha kasoro za jengo, unaanza kuhesabiwa.

Kosa linalouma kuliko yote liko kwenye siku. Kitabu Chekundu cha mwaka 1999, yaani mkataba wa kielelezo wa ujenzi wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), kifungu cha 20.1, kinamtaka mkandarasi atoe taarifa ya dai mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya siku 28 tangu alipolijua tukio au alipopaswa kulijua. Ni rahisi kukifupisha kuwa "atatoa taarifa baada ya siku 28". Anayefuata muhtasari huo atakaa kimya siku zote 28, na akiandika siku ya 29 amekosa nyongeza ya muda na malipo pia. Andikeni "ndani ya siku 28 tangu", na baada ya "tangu" kutajwe kulijua tukio au kupaswa kulijua, si tarehe ya barua.

"Anaweza" inafaa kwa hiari, mradi kiima ni mtu mwenye mamlaka: "Mhandisi anaweza kusimamisha kazi." Kwa vile "ukuta unaweza kuanguka" ni uwezekano tu, mimi ningependelea "ana mamlaka ya kusimamisha kazi".

Hamkuuliza hili, lakini kwa Mwanza linagharimu fedha: "Mkandarasi atachimba msingi hadi kwenye mwamba." Kwenye milima yetu sururu inaweza kugonga jiwe kubwa lililokaa juu ya udongo, na fundi akasema amefika. Hilo ni jiwe, si mwamba. Udongo wa chini yake ukititia, nalo linashuka na msingi unapasuka. Kwa upande wa malipo, mkandarasi atadai bei ya kuchimba mwamba kwa kila jiwe alilokutana nalo. Kwa hiyo fafanueni mwanzoni mwa mkataba: mwamba wa kujengea ni ule ulioshikana na ardhi ya chini, uliokaguliwa na kukubaliwa na mhandisi kabla ya kumwaga zege, na mwamba wa kulipiwa ni ule usiotoka kwa sururu wala kwa ekskaveta bila kupasuliwa.