Kutoka cherehani hadi mavazi ya filamu

Dada, umeuliza kama ufundi wako wa cherehani hapo Mikindani unaweza kukufikisha kwenye mavazi ya filamu. Unaweza kabisa, ila kushona ni nusu ya kazi. Anza na mswada: kila mhusika, kila onyesho, kavaa nini, imechakaa kiasi gani. Filamu hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi, hivyo piga picha kila vazi, la sivyo kilemba kitabadilika katikati ya mazungumzo. Nguo itakayochanika kwenye onyesho, ishone nakala mbili au tatu. Kuchakaza, tumia msasa na chai ya rangi (pamba inashika, poliesta haishiki). Na tafadhali, hadithi ya vita vya Majimaji, vilivyoanza 1905 dhidi ya Wajerumani, usiivike vitenge vya dukani; tafuta kaniki (kitambaa cheusi cha pamba) na merikani (pamba nyeupe isiyo na rangi). Bibi zetu huku Lindi wanajua kaniki inavyofungwa, kaa nao.