Macho mekundu ya bibi

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, naishi na bibi yangu huku Misungwi. Tangu jirani afiwe na ng'ombe watatu ndani ya wiki moja, watu wananong'ona kuwa bibi ni mchawi, eti macho yake ni mekundu. Mjomba anataka tumpeleke kwa mganga akapige ramli. Uchawi ni nini hasa? Na mganga naye ana tofauti gani na mchawi? — Mjukuu, Misungwi*

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu bibi yangu mimi, kule Magu, alisemwa hivyohivyo.

Nilikuwa na miaka tisa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimng'oa kope. Alikuwa analala mlangoni pa jiko penye mwanga, kichwa kwenye mapaja yangu, nami nimeshika kibano. Kope zilikuwa zimejikunja kwa ndani, zinamkwaruza kila akipepesa. Machozi yanamtiririka huku anasema, "Bado moja, baba, iko pale pembeni." Ule ulikuwa ugonjwa wa vikope, trakoma. Ongeza moshi: kwetu miti ilishakwisha, akawa anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na jiko halina dirisha. Mwanamke aliyepuliza moto wa namna hiyo tangu usichana wake atakuwa na macho meupe kweli?

Sasa swali lako. Kwa Kisukuma mchawi ni *nogi*, wakiwa wengi *balogi*, na kitendo chenyewe ni *kuloga*. Waswahili husema kuroga, na Waganda, ng'ambo ya ziwa, humwita *omulogo*. Neno lililoenea hivyo ni la kale kuliko mipaka yetu yote. Wazee walimaanisha mtu anayedhuru wenzake kwa siri, kwa husuda. *Nfumu*, yaani mganga, ni mtu mwingine: anajulikana kwake, anatibu kwa mizizi na majani, anaulizia kwa mizimu ya ukoo kilichowaudhi. Neno uganga ni la heshima, ndiyo maana hata hospitalini tuna Mganga Mkuu wa Wilaya.

Tena dawa za Wasukuma hazikuwa za kujificha tu. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho, uulize habari za Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana kwa dawa. Hadi leo, baada ya mavuno, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kila kiongozi wa ngoma ana dawa yake ya kuvuta watu na ya kujikinga na mwenzake. Nimesimama pale wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi wa Juni, vumbi hadi magotini, nikaona umati mzima unahama kama maji kumfuata mcheza nyoka. Hiyo ni mila yetu, nami naipenda.

Sitakudanganya kwamba zamani hakuna aliyetuhumiwa. Walikuwapo, na walifukuzwa vijijini. Lakini anachotaka mjomba wako ni ramli chonganishi, nami naijua ilivyo. Kwetu mganga alipasua kuku, akatazama ndani, akasema adui ni mwanamke mzee anayekaa upande wa machweo. Upande huo kulikuwa na nyumba moja tu. Usiku uleule bibi aliondoka na kibuyu cha maziwa na kile kibano, akaenda kwa dada yake Ukerewe. Hakurudi. Na yeye ana nafuu, maana vikongwe wangapi Usukumani wamekatwa mapanga vitandani mwao kwa neno la mpiga ramli?

Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Hata kujidai tu kuwa na nguvu za kichawi ni kosa. Mganga wa kienyeji naye anatakiwa awe amesajiliwa, kwa sheria ya tiba asili ya mwaka 2002. Mwambie mjomba hayo kwa adabu, lakini umwambie. Minong'ono ikizidi, usingoje: nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi, na bibi asilale peke yake.

Ng'ombe watatu wiki moja ni kazi ya daktari wa mifugo, jirani amwite kabla hajafa wa nne. Bibi mpeleke kwa daktari wa macho. Kama kope zimejikunja, kuna upasuaji mdogo wa kuzirudisha, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Bibi yangu hakuupata.

Na jikoni kwake, mjukuu wangu, toboa dirisha leo kabla hajawasha moto wa jioni.