Bolti ya puli iliyogoma, na jino moja la mkanda lililonitesa

Mi siyo fundi, nianze na hilo kabisa. Kazi yangu ni ya ofisini, ila nina Corolla 110 manyuali yenye injini ya 5A-FE, nina kaboksi ka spana nilikokusanya kidogo kidogo kwa miaka, na naishi Sahare hapa Tanga ambako upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye kopo la sukari. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa chumvi inafanya nini kwenye chuma. Nati ambayo mtu wa Dodoma anaifungua kwa vidole viwili sisi huku tunaifungua kwa dua.

Sasa ilikuwa hivi. Oili ilikuwa inavuja upande wa mikanda, kila asubuhi nakuta doa sakafuni saizi ya sahani ya kikombe, nikalala chini nikaangalia na tochi nikaona inatokea kwenye oili sili (mpira wa kuzuia oili) ya krenki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Na ile sili huifikii mpaka utoe mkanda wa taimingi, ule wa meno unaotoka krenki kwenda kuzungusha kamshafti, mhimili wa juu unaofungua valvu. Na mkanda wenyewe kwa hizi Toyota zinazotoka Japani unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, wangu hata sijui ulibadilishwa lini maana stika haipo na aliyeniuzia alisema "mpya tu huo bwana", sentensi ambayo haina tarehe ndani yake. Basi nikasema navifanya vyote kwa mpigo, sili, mkanda, tenshona (kapuli ka kuukaza mkanda) na wota pampu, nafanya mwenyewe uani, naanza Ijumaa baada ya sala na Jumapili jioni gari inawaka. Hesabu ya mtu ambaye hajawahi. Ilinichukua siku tisa.

Kabla ya yote, ukiinua gari weka stendi za chuma. Usiweke tofali la saruji, lile halichechemei kwanza ndo likakuonya, linapasuka mara moja tu na wewe uko chini. Mi nilikuwa na jeki na tofali mbili tayari nimezipanga, mama watoto ndo alitoka jikoni akasimama akaangalia akasema "baba, hiyo bima ya maisha ulishalipia?" Nikaenda kuazima stendi.

Haya, bolti ya puli ya krenki. Ile bolti moja kubwa katikati ya puli ya chini. Niliing'ang'ania Ijumaa mpaka giza na Jumamosi mpaka adhuhuri. Nilitumia soketi ya pembe kumi na mbili kwa sababu ndo niliyokuwa nayo, nikachomeka bomba kwenye mkono wa spana nikaning'inia, krenki inazunguka na bolti yake, nikamwambia kijana wa jirani abonyeze breki gari ikiwa gia ya kwanza, bado inazunguka, halafu nikasikia kale ka mlio kabaya, krak, nikashangilia kumbe soketi imeruka na pembe za bolti zimeanza kuliwa. Hapo ndo mtu unakaa chini unaangalia bahari.

Mzee mmoja jirani, zamani alikuwa fundi wa mashine kwenye mashamba ya mkonge, alikuwa anapita kutoka msikitini. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, toka jana nakusikia, unapigana na nani huko chini?" Akainama, akaitazama soketi, akairudisha kwenye boksi kama mtu anayemrudisha mtoto kwa mama yake. Akasema tafuta ya pembe sita, inakamata ubavu wa bolti, ile yako inakamata kwenye kona tu ndo maana inazila. Halafu gia siyo ya kwanza, weka ya tano. Mi nilikuwa nafikiri gia nzito ndo inashika zaidi, kumbe kinyume chake, kwenye gia ya tano ni vigumu zaidi krenki kuyazungusha matairi, kwa hiyo breki ikishikwa injini inatulia. (Wenye otomatiki hii haiwahusu, kwenu inabidi mtu azuie flaiwili, lile gurudumu la meno nyuma ya injini, au apate kifaa cha kushikia puli.)

Halafu akafanya kitu ambacho mi nisingefanya. Alichukua nyundo na kipande cha chuma akaigonga bolti kichwani, gonga gonga gonga, wala siyo kwa nguvu, kama mara ishirini hivi, halafu akaniambia nikaze. Nikaze? Eeh, kaza kidogo kwanza. Nikakaza kidogo ikasogea kama unywele, ndo nikageuza kufungua, nikavuta kwa kishindo kimoja cha haraka badala ya ile ya kuning'inia taratibu, ikalia tena krak lakini safari hii yenyewe. Bolti hii mara nyingi haijashikwa na kutu sana, imekazwa kwa nguvu nyingi tu toka kiwandani, kwa hiyo kuimwagia mafuta wiki nzima hakusaidii kama kishindo kinavyosaidia. Nati za egizosi ni habari nyingine, zile ni kutu tupu, zile ndo za kulowekwa. Mi huwa nachanganya oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni ya duka la rangi nusu kwa nusu, unatikisa kila unapotumia maana vinaachana, unapaka jioni unalala, asubuhi unapaka tena. Usivute sigara karibu na hiyo kitu tafadhali.

Kuna kijana alipita akanishauri niegemeze spana kwenye chasisi nipige stata, injini yenyewe iifungue bolti. Wapo wanaofanya na inafunguka. Pia wapo waliorukwa na spana usoni. Mi nilikataa.

Bolti imetoka, puli sasa haitoki. Kutu imeigandisha kwenye krenki. Nikachukua bisibisi kubwa nikaanza kuchokonoa nyuma yake, hapo nikapasua kava la plastiki la chini, hela hiyo. Ukiangalia uso wa ile puli utaona matundu mawili yenye nyuzi, yamewekwa kwa kazi hiyo, unaazima pula (kifaa cha kuvutia puli) ya kufunga kwa bolti mbili, unakaza kidogo huku kidogo kule na puli inakuja yenyewe. Usitumie ile pula ya miguu mitatu inayokamata ukingo wa nje, sababu puli hii ina mpira katikati, ukivuta ukingo unaachanisha mpira na puli imekufa.

Kava nalo lina bolti ndogo ndogo za spana namba 10, nyingi zilitoka vizuri nikapata kiburi, ya mwisho ikakatika. Kipande kimebaki kimechomoza kama unene wa kucha. Nilikuwa karibu kulia bana. Nikataka kutoboa, mzee akasema usitoboe, ukikosea katikati umeharibu na tundu lenyewe. Tukamuita fundi wa kuchomelea kutoka Ngamiani, akaja na mashine yake kwenye guta, tukachomoa terminali za betri kwanza ili umeme wa kuchomelea usiende kuua kompyuta ya gari, tukaweka matambara mabichi na ndoo ya mchanga, akaweka nati juu ya kile kipande akaichomelea kwa ndani. Tukasubiri ipoe kidogo, spana, ikatoka kama msumari kwenye papai. Ule moto wenyewe ndo unavunja kutu. Dakika kumi kazi nzima, na mi nilikuwa nimeshapanga kununua injini ya mtumba.

Mpaka hapo ni Jumanne. Sili mpya ikaingia, wota pampu ikaingia, tukala bada na samaki, moyo mweupe. Nikafika kwenye mkanda, na mzee siku hiyo alikuwa amesafiri kwenda Pangani kwenye harusi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kwenye hii injini silinda namba moja ni ile ya upande wa mkanda. Unaipeleka pistoni yake juu, alama ya puli ndogo ya krenki inatazamana na alama iliyochongwa kwenye mwili wa oili pampu, na kule juu kuna katundu kadogo kwenye puli ya kamshafti, ukichungulia ndani yake unatakiwa uione alama iliyo kwenye kofia ya beringi ya kamshafti. Mi niliviweka vyote sawa kabisa, nikapiga na picha. Nikavalisha mkanda, nikaachia tenshona spring'i ivute, nikakaza bolti ya tenshona, nikarudisha makava na puli, nikapiga stata. Ikawaka! Nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Ila ikiwa sailensa, yaani inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, inatetemeka. Inamisi misi, ukikanyaga mafuta inavuta pumzi kama mzee anapanda ngazi. Nikajiambia itakuwa taimingi ya moto, yaani wakati plagi zinapotoa cheche, nikalegeza disitributa, ile inayogawa moto kwenye plagi, nikaizungusha taratibu mpaka mlio ukatulia, nikakaza. Afadhali. Nikaenda nayo barabara ya Muheza, nikafika Pongwe tu nikageuza, gari haina nguvu, bajaji imenipita na abiria watatu na gunia la nazi.

Hapo ndo nilipoanza ujinga wenyewe. Nilinunua plagi mpya. Hamna kitu. Nikanunua waya za plagi, nikazipanga kwa mfuatano wake wa 1-3-4-2, hamna kitu. Filta ya petroli. Nikafungua throto nikaisafisha mpaka inang'aa. Yaani gari ilikuwa nzima kabla sijaigusa, ilikuwa inavuja oili tu, nimefungua mkanda nikafunga imekuwa mgonjwa, halafu mi naenda kutafuta ugonjwa kwenye filta ya petroli! Akili ilikuwa inakataa kabisa kurudi kwenye mkanda kwa sababu ile bolti ilinitesa, sikutaka kuiona tena. Nadhani watu wengi huwa tunapoteza hela hapo, siyo kwamba hatujui, ni kwamba tunaogopa kufungua tena.

Mzee karudi Jumamosi. Hakushika spana hata moja. Aliangalia disitributa tu akaniuliza mbona umeizungusha mpaka mwisho wa tundu lake? Nikamwambia pale ndo inatulia. Akauliza tena, ulipofunga mkanda uliizungusha injini kwa mkono mara mbili? Nikanyamaza.

Iko hivi. Krenki inazunguka mara mbili ndo kamshafti inazunguka mara moja, kwa hiyo ukiizungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, kufuata mshale wa saa, alama zote zinatakiwa zirudi palepale. Mi nilipovalisha mkanda niliacha ulegevu kwenye upande ambao hauna tenshona, macho yanaona alama zimekaa sawa, ila tenshona ilipovuta, ule ulegevu ukaisogeza kamshafti na nikawa nimekosea jino moja. Jino moja tu. Valvu zinafungua na kufunga nje ya wakati wake. Na kwa sababu disitributa inazungushwa na hiyohiyo kamshafti, moto nao ukahama, ndo maana ilibidi niizungushe disitributa mpaka mwisho kuurudisha. Moto ulirudi, valvu hazikurudi. Kwa hiyo ukiona baada ya kubadili mkanda disitributa inataka kukaa mwisho kabisa wa tundu lake ndo gari itulie, usinunue kitu, mkanda umeruka jino. Na nilibahatika maana 5A-FE mkanda ukikosewa valvu hazigongani na pistoni, ziko injini nyingi ambazo kosa hilohilo linapinda valvu zote, na huko ukishapiga stata tu umechelewa.

Tukafungua tena. Bolti ya puli safari hii ilitoka kwa dakika mbili, nilikuwa nimesafisha nyuzi na kupaka tone la oili, na puli niliipaka grisi nyembamba ndani. Tukatoa plagi zote ili injini iwe nyepesi kuzungusha (puliza mchanga utoke kwenye visima vya plagi kwanza, usiuache uingie ndani, na injini iwe ya baridi, hedi ni ya aluminiamu nyuzi zake zinachanika). Mkanda unaanzia krenki, unauvuta ukaze kupanda upande usio na tenshona, unavisha kamshafti, ulegevu wote unaangukia upande wa tenshona. Achia spring'i, zungusha mara mbili kwa mkono, chungulia katundu. Mara ya kwanza haikukaa. Mara ya pili ikakaa. Nikazungusha mara mbili nyingine kwa wasiwasi tu.

Taa ya taimingi, ile inayomulika kila plagi namba moja inapotoa cheche, tuliazima kwa fundi umeme wa Ngamiani. Pale kwenye kiboksi cha majaribio chini ya boneti unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, usipofanya hivyo kompyuta inasogeza moto yenyewe na namba unayoisoma haina maana. Injini ikiwa imepata moto, sailensa, unamulika alama ya puli, inatakiwa digrii 10 kabla pistoni haijafika juu. Ilikuwa magharibi mbu wameshaanza, taa inapiga, alama imesimama kwenye 10, na disitributa iko katikati ya tundu lake.

Plagi za zamani na waya zake nimezifunga kwenye gazeti ziko stoo. Zilikuwa nzima toka mwanzo.