Hedifoni kukatika kwenye bawaba

Pole ndugu. Umesema hii hedifoni ni ya pili kukatika palepale, juu ya kikombe cha kulia, na unauliza kama tatizo ni wewe. Si wewe. Kwenye bawaba ndipo mkazo wa utepe wa kichwani unapoishia, na watengenezaji wengi wanapaweka plastiki nyembamba. Ukiitanua kwa mkono mmoja kila unapoivaa, ufa huanzia kwenye tundu la skrubu, mwembamba kama unywele, huuoni mpaka siku inaachia.

Supa gluu haitakusaidia sana. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na hapo panatakiwa pajipinde kidogo. Gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya, ukiweka na kipande chembamba cha bati kwa nyuma, angalau inashika.

Ukinunua nyingine, vuta utepe hadi mwisho uangalie: kuna chuma ndani au plastiki tupu? Waya unaweza kuuchomoa na kuubadilisha? Mito ya masikioni je, inabadilishika? Ngozi bandia huja ikabambuka kwa jasho, hata kwenye zile za bei kubwa, kwa hiyo yenye mito isiyobadilishika mimi siigusi. Na hiyo tabia uliyoitaja, ya kulala umeivaa, iache.