Kushuti harusi mwaka ambao watu hawaoi: yaliyonivusha 2020

Mkuu, umesema una kamera mbili na vijana watatu, tangu Januari umepata kazi nne tu, mwenye nyumba anadai pango la miezi sita, na unawaza mambo mawili: kushusha bei ya harusi hadi laki tatu, au kuuza kamera moja. Nimekaa na swali lako tangu jana kwa sababu nimepita hapo hapo ulipo. Nakuandikia kirefu, nivumilie.

Mimi niko Moshi. Kazi yangu ya video ilikuwa inaishi kwa vitu viwili, harusi na utalii. Harusi zina kalenda yake. Kwaresima makanisa makubwa ya huku kwa kawaida hayafungishi ndoa, na Ramadhani Waislamu hawafanyi sherehe. Miaka ambayo mifungo hiyo inaangukia pamoja unapumua mapema. Mwaka 2020 ilifuatana: Kwaresima ilianza 26 Februari, Pasaka ikawa 12 Aprili, Ramadhani ikaingia kama wiki mbili baadaye, Idd ikawa 24 Mei. Karibu miezi mitatu mikavu kabla hujataja korona. Halafu 16 Machi kikatangazwa kisa cha kwanza nchini, mikusanyiko ikazuiwa, na Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Kampuni za kupandisha wageni mlimani nilizokuwa nazitengenezea matangazo zikafunga ofisi. Harusi kumi na moja nilizokuwa nimeziandika kwenye daftari zikabaki mbili.

Nianze na bei, maana hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa natoza 900,000. Juni mhazini wa kamati moja ya harusi akanipigia, akanieleza hali ilivyo ngumu, nikakubali laki nne kwa kazi ile ile: kamera mbili, droni, kuanzia saluni hadi maharusi wanaondoka ukumbini. Sasa wewe unajua kamati zetu. Bajeti inasomwa kikaoni mbele ya watu arobaini, kifungu kwa kifungu: ukumbi, chakula, mpambaji, MC, video. Na watu hao arobaini ndio wanakamati wa harusi inayofuata. Kazini ni wale wale, jumuiya ni ile ile. Desemba, wenyeji walioko mbali walipokuja nyumbani kwa sikukuu na harusi zikarudi, nikaitwa na kamati nyingine. Nikataja bei yangu. Mama mmoja akafungua daftari lake, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona kule ulifanya kwa laki nne?" Sikuwa na jibu. Ilinichukua mwaka mzima uliofuata kurudi kwenye 900,000.

Kwa hiyo usishushe bei, punguza kazi. Laki nne nayo ina kazi yake: kamera moja, kanisani na ukumbini tu, hakuna droni, na video inakabidhiwa kwenye flashi moja. Iandike kwenye karatasi, ili mhazini aisome hivyo hivyo kikaoni na kila mtu asikie kilichotolewa.

Kilichonivusha chenyewe kilitoka mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Mei mwaka ule jirani yetu alifiwa na mama yake, Kibosho. Dada yake yuko Uingereza, ndege hakuna. Jirani akaniuliza kama naweza kumrushia dada yake mazishi laivu. Nilikuwa sijawahi kufanya hiyo kazi. Nilibeba simu mbili zenye laini za mitandao tofauti, maana kule mgombani mtandao unakuja na kupotea kila ukisogea hatua kumi. Mvua ya masika ilikuwa inapiga turubai hadi sauti ya padri ikawa haisikiki, nikamwomba katekista ruhusa, padri akakubali nimbandike maiki ndogo kwenye kola. Jeneza liliposhushwa ukaingia ujumbe kutoka kwa dada yule: "Naomba usogee, nione mikono ya wajukuu wakiweka udongo." Stendi ilikuwa inazama kwenye tope, nikaitoa simu, nikaishika kwa mikono miwili na kusogea. Sikuitoa pale mpaka shada la mwisho lilipowekwa. Usiku alinitumia 150,000 bila mimi kutaja bei, na wiki iliyofuata rafiki yake aliyeko Marekani akanitafuta.

Wachaga tunazika nyumbani, kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, hata mtu akifia Dar au Mwanza. Na koo nyingi zina mtu ughaibuni. Kuanzia Mei hadi Oktoba nilifanya misiba kumi na tisa, na hiyo ndiyo iliyolipa pango. Lakini ina adabu zake na nazishika mpaka leo. Bei unazungumza na mtu mmoja wa familia, kwa simu, kabla ya siku ya mazishi. Msibani pesa haitajwi. Taa za harusi zinabaki ofisini. Kiungo kinaenda kwenye kundi la WhatsApp la familia peke yake. Mfiwa akikuta mazishi ya mama yake yamezagaa kwa watu wasiohusika, utakuwa umemfiwisha mara ya pili.

Jambo jingine lililonisaidia ni kanda za zamani. Watu waliooana miaka ya tisini wana harusi zao kwenye VHS na hawana pa kuziangalizia. Nilitafuta deki iliyotumika, nikanunua na kifaa kidogo cha kuiunganisha na kompyuta, nikaanza kuhamishia kanda kwenye flashi kwa 25,000 kila moja. Kazi yenyewe ni ya kukaa: kanda ya saa tatu inakula saa tatu, njia ya mkato hakuna. Angalizo moja: kabla hujaingiza kanda, iangalie kwenye kidirisha chake juani. Ukiona weupe kama unga kwenye ukanda, huo ni ukungu, iweke pembeni kwanza. Mimi niliingiza moja kwa haraka, kichwa cha deki kikachafuka, na kanda za wateja wengine wawili zikatoka na mistari. Nilikesha nikisafisha kwa spiriti na kurudia zote.

Mengine kwa kifupi. Mwenye nyumba nilimfuata mwenyewe kabla hajanifuata, nikamwonyesha daftari la kazi, akakubali mwezi kwa mwezi. Kodi ya makadirio inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na biashara ikishuka sheria inakuruhusu kupeleka TRA makadirio mapya. Peleka na kumbukumbu zako, usisubiri deni likue. Vijana niliwaambia ukweli wote. Mshahara ukawa malipo kwa kazi, na siku zisizo na kazi waliazima kamera kwa kazi zao wenyewe, wakaniletea asilimia 30. Mmoja aliondoka akaendesha bodaboda, na sikumlaumu, alikuwa na mtoto mchanga. Na kianzio ni nusu, kwa kila mtu. Hoteli moja ilikaa na hela yangu miezi saba kwa sababu nilimwamini meneja nikashuti bila kianzio. Ukikwama kabisa, kopa kikoba chenu. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, usiiguse, nimeona kamera ya mwenzangu ikibebwa mbele ya mteja.

Kuuza kifaa siyo dhambi. Mimi niliuza kreni ya kunyanyulia kamera, kwa sababu nilipopekua daftari niliona imetoka ofisini mara mbili tu ndani ya miezi kumi na minne, na nikiihitaji naikodi. Hiyo kamera yako ya pili, kabla hujaipeleka sokoni, hebu pekua daftari lako halafu urudi hapa utuambie: mwaka jana ilitoka mara ngapi, na zile siku ilipotoka, ungeweza kuifanya kazi ile bila yenyewe?